Neno «likely» si ahadi: namna ya kusoma tangazo la mvua mbele ya kupanda



Kila mwaka mwezi wa nane ukielekea kuisha, mashamba ya Nyakabere yakiwa yamefyekwa na mbegu ikiwa ingali katika depo, ulizo moja linatufuata kila fasi tunapofika: «Agronome, mvua itakuja lini? Itakuwa nyingi ao kidogo?» Siku hizi ulizo hilo linakuja pamoja na telefone. Kijana anatuonyesha ekrani: kuna picha ya wingu, kuna nambari, na chini maneno ya Kiingereza, «Rain likely». Mwingine amepata karta ya rangi iliyotoka Nairobi, ikapita Bujumbura, ikaingia katika grupe ya WhatsApp ya hapa kwetu. Chini yake imeandikwa kwamba mvua ya kupita kawaida ni «likely». Anauliza: «Hii likely ni nini? Wamesema itanyesha?»

Ulizo hilo ni la maana sana, ndiyo sababu tumelitolea somo zima. Mtu anaweza kusema: jarida la kilimo linafundisha Kiingereza juu ya nini? Jibu ni hili: neno hilo likifasiriwa vibaya, linakula mbegu. Koperative ikitangaza «wamesema mvua itanyesha», wanamemba wote wakamwaga mbegu juma moja, kisha jua likawaka siku kumi na tano, kinachokauka si mahindi peke yake. Na neno la koperative linakauka. Msimu unaofuata, hata tangazo likiwa la kweli, hakuna atakayelisikiliza.

1. Neno lenyewe lina maana gani

«Likely» ni neno la sifa. Linaelezea jambo ambalo halijatokea bado, ao ambalo hatujalijua bado, na linasema: jambo hili lina nafasi kubwa ya kutokea. Halisemi kwamba litatokea. Linaacha mlango wazi kwa upande wa pili.

Mtalikuta katika maumbo haya:

«Rain is likely»: mvua inaelekea kunyesha.
«It is likely to rain»: maana ni ileile.
«Heavy rain is very likely»: mvua kali ina nafasi kubwa sana ya kunyesha.
«Rain is unlikely»: mvua haielekei kunyesha.

Kuna mitego minne.

Mtego wa kwanza: vijana waliosoma Kiingereza kidogo wanajua «like», maana yake kupenda. Wakiona «farmers are likely to lose seed» wanafikiri wakulima wanapenda kupoteza mbegu! Hapana. Sentensi hiyo inasema kwamba wakulima wako katika hatari kubwa ya kupoteza mbegu. «Likely» ya tangazo la mvua haisemi lolote juu ya kupenda.

Mtego wa pili: «unlikely» si «haitatokea». Ni «haielekei kutokea». Mvua ambayo ni «unlikely» inaweza kunyesha na kulowanisha karanga ulizozianika, na mwenye kutangaza hakusema uongo.

Mtego wa tatu: «more likely». Maneno haya mawili yanalinganisha tu. Mkisoma kwamba ukame ni «more likely» mwaka huu kuliko mwaka jana, ulizeni: kutoka ngapi kwenda ngapi? Kama zamani ilikuwa nafasi moja katika kumi na sasa ni mbili katika kumi, imeongezeka kweli, lakini bado nafasi nane ziko upande mwingine.

Mtego wa nne ni wa sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Kuna «possible» na kuna «probable», na Kiingereza nacho kina «possible» na «likely». «Possible» inasema tu kwamba jambo haliko nje ya uwezo: linaweza kutokea, hata kama nafasi yake ni ndogo. «Likely» inakaa karibu na «probable» ya Kifaransa: uzito umeanza kulala upande mmoja. Mtu anayechanganya hayo mawili anachanganya wingu la mbali na wingu lililo juu ya paa.

2. Namna neno linavyopotea njiani

Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha ya kusema jambo hili, lakini mara nyingi hatuyatumii. Tuyapange kama ngazi, toka chini kwenda juu:

- haielekei kunyesha: nafasi ni ndogo;
- inaweza kunyesha, labda, huenda: haikatazwi, lakini hatujui upande gani una uzito;
- inaelekea kunyesha: uzito uko upande wa mvua;
- inaelekea sana kunyesha: nafasi ni kubwa sana;
- itanyesha: hapo mtu ameweka ahadi.

Angalieni sasa safari ya tangazo. Kwa Kiingereza limeandikwa «likely». Mtu wa Bujumbura analiweka kwa Kifaransa, «probable». Mwingine analisoma kwa haraka na kusema, «Mvua itanyesha sana.» Likifika sokoni Sange limekuwa, «Wamesema mvua inaanza tarehe 20.» Likifika Nyakabere kuna mtu amekwisha kukodi watu wa kulima. Kila mdomo umeondoa kitu kidogo, na kitu kilichoondolewa ni kimoja tu: ile nafasi ya mvua kutokuja.

Kosa linakaa katika silabi moja, «ta». Kwa Kiswahili tunasema «nitakuja kesho» hata kama tunajua kwamba inategemea baiskeli ya jirani. Katika mazungumzo hakuna ubaya, kila mtu anaelewa. Lakini katika tangazo la mbegu na mbolea, «ta» hiyo inageuka deni. Kwa hiyo tunawaomba ma-sekretere wa koperative: mkikuta «likely», msiandike «itanyesha». Andikeni «inaelekea kunyesha», na kando yake muandike nambari.

3. Kwa nini tunataka nambari

Maneno peke yake hayatoshi, hata kwa watu waliosoma sana. Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Mwaka 1951 wataalamu wa serikali ya Marekani waliandika ripoti juu ya Yugoslavia. Walisema kwamba kushambuliwa kwa nchi ile mwaka huo ni uwezekano wa kuchukuliwa kwa uzito. Mmoja wao, Sherman Kent, akaulizwa na mkubwa mmoja: mlimaanisha nafasi ngapi? Kent akajibu kwamba yeye alifikiria 65 kwa 35. Yule mkubwa akashangaa, kwa sababu alisoma maneno yaleyale akafikiria nafasi ndogo zaidi. Kent akarudi kuuliza wenzake walioandika naye ripoti ileile. Wengine walikuwa na 20 kwa 80, wengine 80 kwa 20. Walikuwa wametia sahihi sentensi moja, na kila mmoja ana maana yake kichwani.

Ikiwa wale walikosa kuelewana mezani pamoja, sisi wa Nyakabere tunaosoma neno lililopita lugha tatu tutaelewana namna gani?

Tena «likely» haina kipimo kimoja duniani. Angalieni wenye kulitumia:

- Ofisi ya hali ya hewa ya Marekani, katika matangazo yake ya mvua, inaandika «likely» nafasi ikiwa asilimia 60 ao 70.
- IPCC, kikundi cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi, kinaandika «likely» nafasi ikiwa asilimia 66 ao zaidi, na «very likely» kuanzia asilimia 90. «Unlikely» kwao ni asilimia 33 ao chini.
- Katika karta za msimu mzima, neno hilo mara nyingi linamaanisha tu kwamba upande mmoja una nafasi kubwa kuliko kila mmoja wa pande nyingine. Hapo nambari inaweza kuwa 45 ao 50.

Hili la mwisho ndilo linalowadanganya wakulima wengi. Tulieleze polepole.

4. Karta ya msimu: vikapu vitatu na maharage kumi

Karta nyingi za msimu zinazofika kwetu zinatoka ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD, kilicho karibu na Nairobi. Mara tatu kwa mwaka wataalamu wa kanda wanakutana na kutoa utabiri. Ule wa mwezi wa nane unahusu mvua za mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, yaani msimu wetu A.

Wanafanya namna gani? Wanachukua miaka 30, toka 1991 mpaka 2020. Wanaipanga toka mwaka wenye mvua kidogo mpaka mwaka wenye mvua nyingi, kisha wanaigawanya katika vikapu vitatu: miaka 10 ya mvua kidogo, miaka 10 ya katikati, miaka 10 ya mvua nyingi. Kama hatujui lolote juu ya msimu unaokuja, kila kikapu kina nafasi sawa, kama asilimia 33. Kisha wanaangalia joto la bahari na mambo mengine, na wanasema kikapu gani kimepata uzito.

Tuseme karta imetoa 50 kwa mvua nyingi, 30 kwa mvua ya katikati, na 20 kwa mvua kidogo. Chini yake wataandika kwamba mvua ya kupita kawaida ni «likely». Ni kweli: 50 inapita 30 na inapita 20. Lakini hesabuni: 30 na 20 ni 50. Nafasi ya kutopata mvua nyingi iko sawa na nafasi ya kuipata! Na ikiwa nambari ni 45, nafasi ya kutoipata ni kubwa zaidi.

Fanyeni mchezo huu katika mkutano wa koperative. Wekeni katika kikombe maharage kumi: matano mekundu kwa mvua nyingi, matatu meupe kwa mvua ya katikati, mawili meusi kwa mvua kidogo. Mama mmoja afunge macho na kutoa punje moja. Iandikeni ubaoni, mrudishe punje ndani, mtikise, mwingine atoe. Mfanye hivyo mara ishirini.

Mtaona nyekundu inatoka mara nyingi kuliko nyingine. Lakini mtaona pia kwamba nyeusi inatoka, na pengine inatoka mara mbili kwa kufuatana. Je, siku nyeusi ikitoka, kikombe kimesema uongo? Hapana. Kilisema kina punje mbili nyeusi, na umeshika mojawapo. Ndivyo ilivyo kwa tangazo la mvua. Msimu mmoja hauwezi kulishitaki, wala hauwezi kulipa sifa. Linapimwa kwa misimu mingi.

Kuna jambo lingine ambalo karta hiyo haisemi: inahesabu mvua yote ya miezi mitatu pamoja. Msimu unaweza kuingia katika kikapu cha mvua nyingi kwa sababu ya mvua kali za mwezi wa kumi na moja, wakati mwezi wa kumi ulikuwa na majuma mawili ya jua kali. Mahindi yaliyoota mbele ya jua hilo hayatangoja jumla ya miezi mitatu.

5. Karta inafika wapi

ICPAC inahudumia nchi 11. Burundi na Rwanda zimo. Kongo haimo. Kwa hiyo katika karta nyingi rangi inakoma kwenye mpaka, na uwanda wetu unabaki mweupe kana kwamba mvua nayo inasimama kuonyesha karatasi pale Kavimvira.

Mvua haina mpaka, na hewa ya ng'ambo ya Ruzizi ni ndugu wa hewa ya kwetu. Kwa hiyo rangi ya upande wa Burundi inaweza kutusaidia. Lakini tuitumie kwa akili. Uwanda wa Ruzizi uko chini, katikati ya milima pande mbili, na unapata mvua kidogo kuliko milima. Mtu wa Nyakabere asichukue nambari ya mlimani na kuipanda hapa chini. Kwa upande wetu kuna METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa la Kongo, na ng'ambo kuna IGEBU ya Burundi. Matangazo yao yakipita redioni, sikilizeni na muandike maneno jinsi yalivyosemwa, bila kuongeza na bila kupunguza.

6. Neno moja, kazi mbalimbali

Sasa tufike shambani. Ulizo la mkulima lisiwe tu «itanyesha ao haitanyesha?» Ulizo bora ni: «Nikijitayarisha na isitokee, nitapoteza nini? Nisipojitayarisha na itokee, nitapoteza nini?» Linganisheni hasara hizo mbili, ndipo mtajua kama «likely» ya leo inatosha kuwafanya mtende.

*Kuanika mahindi ao karanga.* Telefone inasema nafasi ya mvua ni 30 katika 100. Hiyo si «likely». Lakini kufunika kwa shitingi kunakuomba saa moja ya kazi. Karanga zikilowana na kukawia kukauka, zinaota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani kila mara kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Hasara ya kufunika bure ni ndogo, hasara ya kutofunika ni kubwa. Funika, hata kama mvua ni «unlikely».

*Kupiga dawa ya wadudu.* Tangazo la leo saa za mchana ni «rain likely», asilimia 60. Dawa nyingi zinahitaji kukauka juu ya majani. Ikioshwa na mvua, umepoteza franka na maji yameipeleka kwenye mfereji ambapo watu wanachota. Kungoja kesho hakugharimu sana. Hapo «likely» inatosha: ngoja.

*Kutia ure katika mahindi.* Mvua ndogo inasaidia, mvua kali inachukua mbolea na kuipeleka Ruzizi. Kwa hiyo si neno «likely» peke yake la kuangalia, ni neno lililo mbele yake: ni mvua ndogo ao «heavy rain»? Ikiwa ni kali na inaelekea, ngoja. Na wakati wote fukia mbolea kidogo udongoni, usiiache juu.

*Kupanda.* Hapa ndipo penye uzito mkubwa, juu mbegu ikimwagwa hairudi. Tangazo la msimu halikuambii siku ya kupanda. Siku hiyo unaipata kwa mvua iliyokwisha kunyesha na kwa udongo wako. Chimba kwa jembe: kama unyevu haujashuka kama sentimita 15, mvua ya kwanza imekusalimia tu. Kisha angalia tangazo la siku chache zinazokuja. Matangazo ya siku mbili ao tatu yana nguvu kuliko ya juma la pili.

Njia nyingine ni kugawanya. Mahindi yanahitaji kama kilo 25 za mbegu kwa hekta. Mama mwenye nusu hekta ana kilo 12 hivi. Anaweza kupanda kilo 7 mvua ikishika, na kuweka 5 kwa siku kumi ao kumi na mbili baadaye. Njia hii ina bei yake pia: mahindi ya kuchelewa yanashambuliwa zaidi na viwavi jeshi, itabidi uyatembelee mara kwa mara. Lakini jua likikatiza katikati, hutabaki mikono mitupu.

*Kuchagua fasi.* Msimu wa mvua nyingi ukiwa «likely», muhogo usipandwe kwenye bonde linalosimamisha maji, juu mizizi inaoza. Upandishe kwenye matuta, ao upeleke juu kidogo. Mpunga ndio uachiwe bonde. Msimu wa mvua kidogo ukiwa «likely», usitupe mahindi yote, lakini ongeza muhogo na viazi vitamu, ambavyo vikishika mizizi vinavumilia jua. Na usiweke shamba lote la familia ukingoni mwa Ruzizi kwa sababu udongo ni mzuri. Ni mzuri kwa sababu mto ulipita pale, na mto unajua njia ya kurudi.

7. Wakati neno likipuuzwa

Tumesema sana juu ya watu wanaogeuza «likely» kuwa «itatokea». Kuna kosa la upande wa pili, na linaua: kugeuza «likely» kuwa «haitatokea».

Mwezi wa nane mwaka 2023, ICPAC ilitangaza kwamba mvua za mwisho wa mwaka zina nafasi kubwa ya kupita kawaida katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, kwa sababu ya El Niño na joto la Bahari ya Hindi. Mwezi wa kumi, huko Kenya, rais aliwaambia wananchi kwamba wataalamu wamebadilisha utabiri, na kwamba El Niño ya uharibifu iliyoogopwa haitakuwapo. Mwezi wa kumi na moja mafuriko yakaja. Zaidi ya watu 100 wakafa nchini mle, na maelfu ya familia wakahama makwao.

Kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne mwaka 2020 mvua kubwa ilishuka juu ya Uvira, Mulongwe na mito mingine ikatoka njia yake, makumi ya watu wakafa na nyumba nyingi zikaenda. Kisha ziwa lenyewe likapanda. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yaliingia katika mitaa ya kando kama Kalundu, na ng'ambo kule Gatumba watu walihama mara kwa mara.

Hapo kuna fundisho moja juu ya neno letu. Mvua ya kesho inabadilika haraka, kwa hiyo «likely» yake ni nyepesi. Ziwa ni zito. Maji yanaingia kwa mito mingi, Ruzizi ikiwa mojawapo, na mto unaoyatoa ni mmoja, Lukuga, kule Kalemie. Likipanda, haliwezi kushuka kwa juma moja. Kila mwaka linafika juu kabisa karibu na mwezi wa nne ao wa tano. Kwa hiyo ukisikia mwezi wa pili kwamba ziwa liko juu ya kawaida na kwamba mafuriko ya kando ni «likely», hiyo si ya kuchekewa. Ondoa mbegu ya koperative katika depo ya chini mapema, wakati barabara ingali inapitika.

8. Namna ya kuandika ubaoni

Tunapendekeza kila koperative iandike tangazo kwa mistari mitano:

1. Nani amesema, na tarehe gani.
2. Ni fasi gani: uwanda, milima, ao ng'ambo.
3. Ni muda gani: kesho, juma hili, ao miezi mitatu.
4. Nafasi ngapi katika kumi, na zinazobaki ziko wapi.
5. Sisi tunafanya nini ikitokea, na tunafanya nini isipotokea.

Mfano: «ICPAC, mwezi wa nane. Upande wa Burundi karibu na Ruzizi. Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Inaelekea mvua kupita kawaida: nafasi 5 katika 10, 3 za kawaida, 2 za mvua kidogo. Tunasafisha mifereji na kupandisha muhogo kwenye matuta. Tunaweka theluthi moja ya mbegu ya mahindi kama akiba.»

Mstari wa nne ukikosekana, tangazo lisibandikwe. Mstari wa tano ukikosekana, halina faida.

Zaidi ya hapo, pimeni mvua yenu wenyewe. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, mliweke mahali peupe mbali na miti na paa, na kila asubuhi mpime kwa rula kina cha maji. Milimita moja ni lita moja kwa kila metre carré ya shamba. Mwandike, mmwage, mrudishe kopo. Baada ya misimu kadhaa daftari hiyo itawaambia matangazo yalisema nini na Nyakabere ilipata nini.

Maulizo ya kujadili katika kikundi

1. Tangazo linasema «rain is unlikely tomorrow». Mna maharage yaliyoanikwa. Mtafanya nini, na kwa nini?
2. Karta inaonyesha 45 kwa mvua kidogo, 35 kwa ya katikati, 20 kwa mvua nyingi. Semeni kwa Kiswahili bila kutumia neno «itakuwa». Nafasi ngapi katika mia ziko nje ya mvua kidogo?
3. Jirani anasema: «Mwaka jana walisema likely na haikutokea, kwa hiyo ni waongo.» Mtamjibu namna gani kwa kutumia maharage kumi?
4. Kazi gani moja katika shamba lenu inafaa kufanywa hata nafasi ikiwa 2 katika 10? Kazi gani inangoja mpaka 8 katika 10?

Ba mama na ba baba, mkulima alijua zamani kusema «Mungu akipenda» akiweka mbegu udongoni. Hakuacha kupanda, wala hakujifanya mwenye mvua. «Likely» iko karibu na adabu hiyo, na nambari inaongezwa tu ili tujue tuweke akiba kiasi gani. Mkutano unaofuata leteni kikombe, maharage kumi ya rangi tatu, na tangazo lolote mlilopata katika telefone. Tutalisoma pamoja mbele ya depo kufunguliwa.